Kuwa macho tumeshasikia, sasa ukishaona unamwambia nani?

Kila bomu likilipuka hapa Uganda, au likikamatwa kabla halijalipuka, msemaji wa polisi anasimama mbele ya kamera anasema raia tuwe macho. Tangu 2010 ni wimbo ule ule. Sina ugomvi na kauli yenyewe, ila inatubebesha lawama kama vile sisi raia tumelala, wakati ukiyafuatilia mashambulizi yetu moja moja unakuta karibu kila mahali kuna mtu aliona kitu. Kuona sio shida yetu kubwa. Shida ni pale katikati, kati ya yule aliyeona na yule mwenye uwezo wa kufanya kitu, hapo ndo taarifa inafia, na hakuna anayepashughulikia kwa sababu kuweka askari mlangoni na kioo cha kuchungulia chini ya gari kunaonekana haraka na kunapiga picha nzuri.

Chukua Mpondwe. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi wa ADF waliingia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Kasese, chini ya kilomita 2 kutoka mpaka wa Congo. Walioshambuliwa wakafa ni 42, na 37 kati yao wanafunzi. Wavulana walijifungia bwenini wakakataa kufungua, wakachomwa humo humo, wasichana waliojaribu kukimbia wakakatwa mapanga, halafu wauaji wakachota chakula cha stoo wakateka na wanafunzi wengine wawabebee mizigo kuelekea msitu wa Virunga. Hayo wengi tunayajua na tuliyalia. Lililopita haraka haraka ni lile alilosema Meja Jenerali Dick Olum, ambaye wakati huo aliongoza vikosi vyetu kule Congo, kwamba taarifa za kijasusi zilionyesha hao watu walishakuwa mjini siku mbili kabla, na kuna mtu alikuwa ameitazama shule jinsi ilivyokaa. Siku mbili jamani! Siku mbili mtu hawezi kukaa hewani, lazima alilala kwenye nyumba ya mtu, alikula chakula cha mtu, kuna boda alimbeba ama alimwona amekaa tu mahali hafanyi biashara yoyote.

Sasa kabla hujaanza kusema watu wa Mpondwe ni wazembe, nenda ukaone ule mpaka siku ya soko. Huku Wakonzo, ng'ambo Wanande, lugha inasikilizana, mtu ana shangazi upande ule na shamba upande huu, watu wanavuka na ndizi na samaki na vitenge toka asubuhi mpaka jioni. Mgeni pale sio habari. Kwa hiyo ukimwambia mtu wa Mpondwe "ukiona mgeni toa taarifa" hujamwambia kitu, maana akifuata hiyo amri atakaa na simu sikioni mchana kutwa. Alichohitaji kuambiwa ni vitendo: mtu anayeuliza bweni liko upande gani, askari wa shule analala saa ngapi, umeme ukikatika wanatumia nini, mtu amepanga chumba na hana kazi wala ndugu wala bidhaa. Hiyo ndo elimu ya usalama, na haifundishwi kwa tangazo la sekunde 30 la redio.

Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba haikuwa mara ya kwanza. Tarehe 8 Juni 1998, ADF hawa hawa waliingia chuo cha ufundi cha Kichwamba, kule Kabarole, wakafungia wanafunzi mabwenini wakawasha moto, wakafa 80. Kutoka Kichwamba hadi Lhubiriha ni miaka 25, mwezi ule ule, mkoa ule ule wa Rwenzori, njia ile ile ya moto na bweni. Katikati ya hiyo miaka bweni la Budo Junior limeungua 2008 wasichana wakafa wakiwa wamefungiwa, na Oktoba 2022 shule ya vipofu ya Salama kule Mukono wakafa 11, madirisha yana nondo, waokoaji wanahangaika kuingia. Hao hawakuuawa na magaidi, najua, lakini bweni lenye mlango mmoja na nondo kila dirisha ni tanuri tayari, gaidi anakuja tu na kiberiti. Mkaguzi wa shule anayelazimisha mlango wa pili anafanya kazi ya kupambana na ugaidi kuliko kamati nyingi zenye jina refu. Lakini kwenye mijadala yetu ya sekyuriti nani anataja mlango wa pili?

Tunataja mageti. Hayo mageti yalianza 2010, baada ya ile Jumapili ya tarehe 11 Julai, fainali ya Kombe la Dunia, Hispania na Uholanzi. Mabomu yalilipuka Ethiopian Village pale Kabalagala na klabu ya raga ya Kyadondo, watu 74 wakafa wakiwa wanaangalia mpira, al-Shabaab wakajitangaza kuwa ni wao kwa sababu ya wanajeshi wetu walioko Somalia. Kuanzia hapo kila supamaketi, kila kanisa kubwa, kila hoteli ikapata askari mwenye ile fimbo inayolia piiip. Wenyewe tunajua inavyokuwa, fimbo inalia, unasema "ni funguo ssebo", anasema pita. Begi la mama linachomekwa kijiti mara moja juu juu linafungwa. Yule kijana wa kampuni ya ulinzi simlaumu hata kidogo, mshahara wake ni wa kusikitisha, anasimama masaa kumi na mawili, na uhakika ninao kwamba ukimuuliza bomu linafananaje atakuambia ameona kwenye filamu.

Halafu geti lenyewe linatengeneza msongamano. Tarehe 16 Novemba 2021 asubuhi saa nne na dakika tatu, mtu alijilipua karibu na kizuizi cha ukaguzi pale polisi kuu ya Kampala, yaani pale pale watu wanapokaguliwa. Dakika tatu baadaye wengine wawili wakajilipua barabara ya Bunge. Geti halikuzuia, lilikuwa ndo mahali penyewe. Sisemi tuyaondoe, mwizi wa kawaida linamtisha, ila tusijidanganye kwamba tukishapita kwenye ile fimbo basi tumelindwa.

Hizo dakika tatu zinafundisha kitu ambacho naona watu bado hawajakishika. Kyadondo pia milipuko ilikuwa miwili, ikifuatana. Sasa mlipuko wa kwanza ukisikika Kampala watu wanafanya nini? Wanakimbilia kule kule, na simu zimeinuliwa, kila mtu anataka awe wa kwanza kurusha video kwenye grupu. Naelewa, udaku ni ubinadamu, na kuna wanaokimbia kwa nia safi ya kubeba majeruhi. Lakini ukiwa huna kazi pale, ondoka, pita njia nyingine mbali na gari zilizoegeshwa, waachie nafasi ambulensi. Kama una video wapelekee wachunguzi, usiweke miili ya watoto wa watu kwenye statasi.

Upande wa mabegi tuna mifano miwili inayotosha kufundishia shule nzima. Siku moja baada ya yale mabomu ya 2010, kulikutwa begi pale Makindye House, ukumbi wa disko, ndani kuna fulana ya mabomu ambayo haikulipuka. Ile mali iliyobaki nzima, pamoja na simu iliyokuwa imefungwa humo, ndo iliwapa wapelelezi uzi wa kuvuta mpaka watu wakafika mahakamani. Mfano wa pili ni Komamboga, tarehe 23 Oktoba 2021, sehemu ya nyama ya nguruwe, Jumamosi usiku. Rais mwenyewe alieleza kwamba watu watatu walikuja wakaacha mzigo kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki, baadaye ukalipuka. Aliyekufa ni binti mhudumu. Kaveera! Hapa kwetu kaveera iliyoachwa chini ya meza ni kitu cha kila saa, mtu kasahau nyanya zake, na mhudumu ni kazi yake kusafisha meza, kwa hiyo yeye ndo wa kwanza kuigusa. Hapo ndo pa kuanzia mafunzo, kwa wahudumu wa baa na watu wa usafi na makondakta wa taksi, wao ndo mikono ya kwanza kwenye kila mzigo ulioachwa. Wafundishwe kuuliza kwa sauti "huu mzigo wa nani?" kabla ya kugusa, wakikosa jibu wasiuguse wala kuusogeza wala kuumwagia maji, watoe watu mbali, na simu wapige wakishafika mbali sio wakiwa wameinama juu yake. Na bosi asimkate mshahara mhudumu kwa sababu aliondoa wateja kumbe zilikuwa nyanya. Hilo la mwisho linaweza kuonekana dogo, kwangu ndo kubwa kuliko yote, maana mtu anayeogopa kufukuzwa kazi atashika ile kaveera.

Haya, tuseme umeona. Namba ni 999 au 112, bure. Kwa nini watu hawapigi?

Tuongee ukweli. Watu wanaogopa mpokeaji. Ukipeleka taarifa swali la kwanza ni "wewe umejuaje?", la pili unaombwa uje uandike maelezo, la tatu umeshakaa benchi mpaka jioni na simu yako imechukuliwa. Na hii nchi imepitia kipindi cha zile HiAce tunazoziita droni, gari hazina namba, vijana wanabebwa mchana kweupe, familia inazunguka vituo kumi inaambiwa hayupo. Mtu aliyeona hayo au aliyempoteza binamu yake hivo, unategemea apige simu kwa hiari yake kusema jirani yangu simwelewi? Na akipiga, jirani akachukuliwa na droni kumbe alikuwa fundi tu anafanya kazi usiku, ataishije na ile familia mtaa mmoja? Kunyamaza kunakuwa ndo busara. Gaidi anaishi ndani ya huo ukimya, na waliomjengea ni watu wenye mishahara ya serikali.

Baada ya Novemba 2021 polisi walisema wamekamata watu 106 na saba wameuawa kwenye operesheni. Mmoja wa waliouawa ni Sheikh Muhammad Kirevu, vikosi vikisema alipinga kukamatwa. Kama alikuwa na hatia sasa hatutajua, maana maiti haihojiwi wala haipelekwi mahakamani. Hapo tumepoteza mara mbili: kama alikuwa na mtandao, taarifa zake zimezikwa naye, na kama hakuwa nao, tumewafundisha Waislamu wa Kampala nzima kwamba kutajwa tu ni hukumu. Linganisha na kesi ya 2010. Ilichukua miaka, mwendesha mashtaka Joan Kagezi akapigwa risasi Machi 2015 mbele ya watoto wake kesi ikiwa inaendelea, lakini 2016 jaji Owiny-Dollo alisoma hukumu, wengine wakapata kifungo cha maisha na wengine wakaonekana hawana hatia. Polepole, ndio. Lakini kesi kama ile ndo inampa raia moyo wa kutoa ushahidi, anaona mtu asiye na kosa anaweza kutoka mzima.

Kuna na hii tabia ya kupeleleza mavazi. Bomu likilipuka leo, kesho dada mwenye hijabu na begi anatazamwa kwenye taksi mpaka anashuka, Wasomali wa Kisenyi wanaanza kuombwa vitambulisho hata na watu wasio polisi. Hata Kiswahili chetu, pamoja na kwamba baraza la mawaziri lilikipitisha 2022 kiwe lugha rasmi, ukikiongea kwenye taksi ya Luwero wanakuona wewe ni mwanajeshi au Mkongo. Anayepanga bomu anajua tunatazama nini, atavaa suti na tai na Biblia mkononi. Septemba 2023 kuna aliyekamatwa na bomu kule Rubaga, pale pale kwenye kanisa la mchungaji Kayanja.

Na tukiwafunga midomo Waislamu tumejifunga wenyewe, kwa sababu wa kwanza kujua kijana amebadilika ni mama yake na imamu wake, sio askari wa supamaketi. ADF inaokota vijana kwa ahadi za kazi, za masomo, za biashara ng'ambo, kijana anaondoka Masaka au Iganga akisema amepata mchongo, mwezi unapita simu haipatikani. Yule mama anajua kuna kitu. Lakini akienda polisi anakuwa mama wa gaidi, nyumba inapekuliwa, wadogo zake wanashikwa, kwa hiyo anasema mwanangu yuko Dubai. Hii nchi ilikuwa na akili ya kupitisha Sheria ya Msamaha mwaka 2000, maelfu ya waasi wa LRA na ADF na wengine wakarudi kwa hiyo njia, sasa inakuwaje tulimsamehe aliyeshika bunduki tukashindwa kumwekea mzazi anayetafuta mtoto mlango wa kugonga bila hofu? Mlango huo uwe wa nani sitaanza kutaja taasisi maana kila moja ina siasa zake, ila uwe mlango usiokuwa na sare.

Tukirudi mtaani. Mwaka 1979 Amin alipoondoka, Watanzania walituachia mfumo wa mayumba kumi, baadaye NRM, chama kinachotawala, ikaja na mabaraza ya RC ambayo leo ni LC, na la kijiji ndo LC1. Wazo lilikuwa zuri, kila kijiji kina mtu anayejua nani kaingia na nani katoka, na ukihamia unakuja na barua kutoka ulikotoka. Sasa angalia tulivyolifanya. Uchaguzi wa LC1 ulifanyika 2001, uliofuata ni 2018. Miaka 17! Kuna wenyeviti walikufa nafasi zikakaa tu, kuna waliozeeka kazini, kuna walioanza kuishi kwa kuuza mihuri. Na posho yao kwa miaka mingi imekuwa shilingi 120,000, sio kwa mwezi, kwa mwaka. Ndo maana barua ya LC inapatikana kwa elfu chache bila mwenyekiti kuinua uso. Ukimhurumia mwenyekiti sawa, hata mimi namhurumia, lakini muhuri wake ndo pasipoti ya kila anayetaka kujificha.

Wenye nyumba za kupanga nao. Ule muzigo, yaani nyumba ya kupanga ya chumba kimoja, Nansana, Bwaise, Kawempe, mwenye nyumba anachotaka ni miezi mitatu mbele, jina hata la bandia linatosha. Wale wa Novemba 2021 hawakutoka porini siku ile, mmoja wao walipomfuatilia walikuta vifaa nyumbani kwake kule Katooke. Mwenye nyumba kuchukua kopi ya kitambulisho na namba ya ndugu wa mpangaji sio upelelezi, hata mpangaji akiugua usiku unajua umpigie nani. Na stegi za boda, hapo ndo kuna macho ya bure kuliko kamera yoyote, mwenyekiti wa stegi anajua boda gani ni mgeni, nani amekodishwa siku nzima kuzunguka sehemu moja. Nani amekaa nao chini? Wanakutana na polisi siku ya kukamatwa helmeti tu.

WhatsApp sitaizungumzia sana, kila mtu ameshapata ile meseji ya "usiende mjini leo, shemeji yangu yuko jeshini". Ila inasambaa kwa sababu ya pengo. Oktoba 2021 Uingereza ilibadilisha tahadhari yake kwa wasafiri siku chache kabla ya Komamboga, kwa Kiingereza, kwa raia wake, sisi tukaisoma kama watu wanaochungulia barua ya jirani, na Facebook ilikuwa imeshafungwa toka Januari mwaka ule. Serikali ikitaka tuache uzushi itangulie kusema, mapema, kwa Lhukonzo kule Bwera na kwa Kiswahili na Luganda kwenye redio za asubuhi, hata kama inachojua ni nusu.

Mambo yanaweza kwenda vizuri, tuliona tarehe 3 Juni 2025, siku ya Mashahidi, watu wawili wenye mabomu walizuiwa Munyonyo karibu na kanisa la Mashahidi kabla hawajafika kwenye umati. Kazi nzuri, nawapa. Lakini fedha tunaziweka wapi? Alipouawa Kaweesi, msemaji wa polisi, mwaka 2017 tuliahidiwa kamera, tukaingia mkataba wa dola milioni 126 na Huawei, na kamera zimesaidia kutafuta watu baada ya tukio, baada ya tukio. Hiyo hela ukiigawa kwa wenyeviti wa LC1 wa nchi nzima wangekula mshahara wa kueleweka kwa muda mrefu na kununua daftari la wakazi na kalamu. Kwa hiyo bajeti ikisomwa Juni, wengine watatafuta ukurasa wa ulinzi, mimi nitatafuta posho ya mwenyekiti wangu kama bado inaanza na moja na mbili.